Harufu Kwenye Kola ya Shati

Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake hakubisha hodi. Aliingia, akaufunga mlango nyuma yake, akaweka shati la kiume juu ya meza ya kuchanganyia manukato, katikati ya chupa, halafu akamtazama binti aliyekuwa upande wa pili.

"Nusa," alisema.

Wanawake wa kikundi walimwita binti huyo Pua, na si kwamba pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa ya kawaida tu, tena nzuri ukimtazama kwa upande. Walimpa jina hilo kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeweza kunusa chupa mara moja na kukwambia kilichomo, kilichozidi na kilichopungua. Wenzake walishinda uani mbele ya vibao vyao, wakiviringisha unga wa mkaa kwenye vijiti vya mianzi mpaka viganja vinakuwa vyeusi tii. Yeye alishinda peke yake chumba cha nyuma akichanganya mafuta ambayo vijiti hivyo, vikishakauka kivulini, vilichovywa humo ndipo vikawa udi wa kuuzika.

Siku hiyo hakuhitaji kunusa chochote. Shati alilijua. Alikijua hata kifungo cha pili kutoka juu kilichoshonewa uzi wa rangi nyingine, maana alikishona yeye mwenyewe. Hata hivyo aliliinua shati, akalipeleka usoni ili apate muda wa kupumua.

Kwenye kola kulikuwa na harufu ya mti wa sandali. Nyuma yake ganda la chungwa, na kwa mbali kabisa karafuu kidogo. Ulikuwa mchanganyiko mpya, ule aliohangaika nao tangu mvua zilipokatika. Haujauzwa popote. Haujachovywa hata kijiti kimoja. Hata wale wanawake wa uani walikuwa hawajaunusa. Duniani kote mchanganyiko ule ulikuwa kwenye chupa moja, na chupa hiyo ilikuwa mbele yake, na Mwenyekiti alikuwa ameonjeshwa harufu yake juzi tu kwenye kipande cha karatasi.

Sasa hebu ona ujanja wa mtu unavyoweza kumgeuka. Mtu anayeshinda na manukato pua yake huyazoea, na ikifika alasiri haisikii tena. Hilo Pua alilijua kuliko wote, maana ndiye aliyewafundisha wenzake wasimwamini baada ya saa za mchana. Lakini jioni ya jana yake, kabla ya kwenda nyuma ya banda la mianzi, alinawa mikono kwa sabuni, akanusa viganja, akaona havina kitu, akajiona msafi. Kisha akaenda kumkumbatia mtoto wa watu shingoni kwa mikono hiyo hiyo.

"Nimelikuta kwenye beseni la nguo chafu," Mwenyekiti alisema. "Nguo za mwanangu nimezifua tangu anazaliwa. Jasho lake nalijua. Grisi ya mashine yake naijua. Sasa hii niambie wewe, ni ya nini."

"Mama..."

"Ni kweli au si kweli?"

Angeweza kukana. Angeweza kusema labda huyo mwana, Fundi, alipita chumbani chupa ikamwagika, na hapo angetunga mengine juu yake. Lakini yule mama alikuwa anamtazama machoni, na Pua hakuwahi kumdanganya hata siku moja kwa mdomo. Kumficha, ndiyo. Kumdanganya, hapana.

"Ni kweli, mama."

Mwenyekiti alijishusha akakaa juu ya gunia la unga wa mkaa bila kujali gauni lake. Alikuwa mama wa umbo la kujaa, mwenye sauti ya kuamuru watu, na sasa alionekana kama amevuliwa nguvu zote.

Fundi alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa mjini akitengeneza mashine za watu mpaka kikundi kilipopata mashine ya kupasulia mianzi, ikaharibika kabla haijazoeleka, na mama yake akamwita aje aitazame. Alisema anakuja kwa siku chache. Mashine ilipona, siku chache zikapita, yeye hakuondoka. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba mashine hiyo haiaminiki. Wanawake wa uani walikuwa wanacheka chini chini, maana mashine ilikuwa nzima kabisa na fundi ndiye aliyekuwa haaminiki.

Yalianzia dirishani. Alikuwa akileta vijiti ili Pua avikague kabla ya kugawiwa, na Pua alivirudisha vilivyopinda. Basi ikawa kila siku vimo vilivyopinda, tena vimewekwa juu kabisa ili vionekane. Pua alimuuliza kama macho yake ni mazima. Akamjibu kuwa ni mazima, ndiyo maana anapitia dirisha hilo. Mwanamke aliyekwisha kuapa kwamba mambo ya mapenzi ameyafunga na kufuli akajikuta anasikiliza mashine ikinyamaza, akijua kwamba ikinyamaza anakuja, na anajipangusa uso kwa aproni kama msichana wa shule. Alimpenda. Alimpenda mpaka akawa na hasira naye anapochelewa.

"Hukuona wanaume wengine wote hawa?" Mwenyekiti aliuliza.

"Sikuwa natafuta mwanaume, mama."

"Lakini umempata. Na umempata wangu." Aliinamisha kichwa, akakiinua tena. "Anajua?"

Pua alianza kupanga chupa zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Acha chupa. Nimekuuliza, anajua?"

"Hajui."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Pua alikuwa ameolewa ujanani, akakaa kwenye ndoa miaka na miaka bila mtoto. Walizunguka hospitali, na mwisho daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba tatizo ni lake, na asitegemee. Mume akavumilia kidogo, mama mkwe hakuvumilia hata kidogo, na siku moja akarudishwa kwao na begi lake kama kitu kilichonunuliwa kikaonekana kibovu. Aliporudi, watu walimkwepa. Aliyemfuata ndani, akamtoa kitandani, akamkalisha mbele ya kibao na kumwekea donge la unga mkononi alikuwa Mwenyekiti huyu huyu. Ndiye aliyemwambia kwamba mwanamke si tumbo tu. Pua alikuwa ameyashika maneno hayo, yakamsimamisha.

Na Fundi alipomuuliza siku moja kwa nini aliachika, alimjibu kwamba hawakuelewana. Alisema atamweleza vizuri kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Kila alipotaka kusema aliiona ile sura ya mume wake wa kwanza ilivyobadilika pale hospitalini, akaona hii nayo itabadilika hivyo hivyo, na ulimi ukawa mzito.

"Uliniambia mwanamke si tumbo tu," alisema sasa, taratibu, bila kumtazama.

"Nilikwambia. Na ungerudishwa leo ningekwambia tena vile vile." Sauti ya Mwenyekiti ilikwaruza. "Lakini siku ile hukuwa unamtaka mwanangu."

Ukweli ukisemwa hivyo mtu hana pa kuushikia. Huko nje vibao vilikuwa vinasikika, viganja vikienda na kurudi, na mtu akicheka. Ng'ambo ya ua mashine ya mianzi ilikuwa inanguruma.

Halafu Mwenyekiti akampa masharti yake, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyeyapenda lakini ameshayaamua. Amwache Fundi polepole, amwambie tu hamtaki, naye Mwenyekiti atafunga mdomo wake maisha yote. Kazi yake itabaki, heshima yake itabaki, na kijana atarudi mjini akiwa na picha nzuri ya mwanamke aliyemkataa. Au amwambie ukweli wote leo, hapa, mbele ya mama yake, asikie ni nini anachokichukua. "Na usipomwambia wewe nitamwambia mimi," alimalizia, "na mimi sina maneno laini."

"Unadhani akisikia ataondoka," Pua alisema.

"Ni mwanaume. Ni mtoto wa pekee. Wewe unadhani atafanya nini?"

Pua alikuwa anadhani hivyo hivyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alilitamani lile sharti la kwanza. Mtu asikwambie kwamba hakulitamani. Afadhali akumbukwe kama mwanamke mwenye maringo kuliko aangaliwe kwa huruma na macho yale. Ungekuwa uongo mfupi tu, na kesho angeamka aje kazini kama kawaida, na mashine ikinyamaza ingekuwa imenyamaza tu.

Mashine ikanyamaza.

Walisikia hatua zake zikivuka ua, na sauti ya mwanamke mmoja wa uani aliyeitwa Redio, kwa kuwa habari haikupita kwake bila kutangazwa, ikimwambia Fundi kwamba leo chumba cha nyuma kina mkutano. Kisha vibao navyo vikaanza kunyamaza kimoja kimoja. Wanawake wa uani hawakuwa wajinga.

Fundi aliingia na fungu la vijiti begani, vumbi la mianzi limemjaa kwenye nywele mpaka kwenye kope. Alimwona mama yake juu ya gunia. Akaona shati lake mezani. Akamtazama Pua, na tabasamu alilokuja nalo likaondoka.

"Kwani kuna nini?"

"Mwenzako ana neno la kukwambia," Mwenyekiti alijibu.

Pua aliipangusa mikono yake kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. Alimtazama huyu mtu, urefu wake wote, kovu dogo la kidevu alilolipata kwa msumeno, namna alivyosimama mguu mmoja mbele kama anayetaka kumkinga, na akajua kwamba anaweza kumkosa lakini hawezi kumwambia hamtaki. Neno hilo lisingetoka.

"Nilikwambia niliachika kwa sababu hatukuelewana," alianza. "Sikukwambia kweli. Nilirudishwa kwa sababu sizai. Tulikwenda hospitali tukapimwa wote, na tatizo ni langu. Daktari alisema nisitegemee, na mimi sitegemei. Ukinioa mimi hutapata mtoto. Nilitakiwa nikwambie siku ya kwanza, nikashindwa. Ndiyo hivyo."

Alishangaa jinsi lilivyokuwa fupi. Jambo lililomlaza macho kodo usiku kwa usiku lilikuwa limekwisha kwa pumzi chache.

Fundi aliteremsha fungu la vijiti, akaliegemeza ukutani. Likateleza, akalirudisha, akahakikisha limesimama. Alichukua muda mrefu kwa kazi ndogo kama hiyo. Alipogeuka uso wake ulikuwa umekaza, na Pua akaiona ile sura aliyokuwa akiiogopa. Alishikilia ukingo wa meza. Akajiambia asilie mpaka atoke nje ya lango.

"Umemaliza?" Fundi aliuliza.

"Nimemaliza."

"Mbona umechelewa hivi?"

Pua hakuelewa.

"Nilijua tangu wiki niliyofika," alisema. "Redio alinieleza kabla hata sijafungua sanduku la zana. Alinieleza na jina la hospitali."

Nje ya dirisha kitu kilianguka, na mtu akasema "astaghafiru" kwa sauti ya kunong'ona. Hakuna aliyecheka.

"Ulijua," Pua alisema.

"Nilijua. Nikawa nasubiri uniambie wewe. Kila tukikaa nasema leo atasema. Nikakuuliza kabisa, nikakufungulia mlango, ukaniambia hamkuelewana. Nikanyamaza." Hakuwa anapaza sauti. "Unajua inavyouma kumpenda mtu ambaye kila akikutazama anaona utakavyomkimbia? Mimi nilikukosea nini mpaka ukanihesabu na wale?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kukukosa," alisema, na hapo machozi yakamtoka bila kungoja lango. "Wewe hujawahi kurudishwa. Hujui. Nilisema nikae na wewe siku moja zaidi kabla hujajua. Halafu siku nyingine moja. Ni hivyo tu. Sikuwa na hesabu nyingine."

Uso wa Fundi ulilegea. Alipiga hatua kuja kwake, akakumbuka mama yake yupo, akasimama katikati ya chumba akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Mwenyekiti alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu asiyemfahamu.

"Umejua muda wote huu," alisema, "na bado unakwenda nyuma ya banda."

"Bado, mama."

"Mwanangu, umefikiri?"

"Mimi sikumwomba mtoto," Fundi alisema. "Nilimwomba yeye."

"Na mimi je?"

Swali lilitoka dogo, si kwa sauti ile ya kuendeshea mikutano. Lilitoka kama lilivyokuwa limekaa ndani. "Nilizaa mmoja. Baba yako aliniacha nikiwa na wewe mgongoni. Wenzangu wote niliokua nao wana wajukuu wa kuwatuma dukani, wana wa kuwakaripia, mimi nasema wangu wanakuja, mwanangu akioa wanakuja. Nilitaka kuitwa bibi. Hilo tu. Nalo ni kosa?"

Halikuwa kosa. Pua aliijua hamu hiyo kuliko mtu yeyote aliyekuwa chumbani mle. Alikuwa ameilia miaka ile yote, akiwa kwenye nyumba ya watu.

Lakini kijana akishasubiri sana subira humwishia mahali pabaya. Fundi alivuta pumzi akasema kwamba amesikia, na anasikitika, lakini yeye si mtoto. Leo jioni atakwenda kwa baba mdogo wa Pua, ndiye aliyebaki wa kuulizwa, atapeleka posa mwenyewe. Mama akitaka kuja, vizuri. Asipotaka, atakwenda peke yake na maisha yataendelea.

Mwenyekiti alivuta kitambaa chake cha kichwa mbele kidogo, kikamfunika nusu ya uso. Pua, aliyekuwa amesubiri kusikia maneno hayo kwa miezi mingi, aliyasikia sasa, na furaha yote ikapotea kwa sababu ya ule mkono uliovuta kitambaa.

"Huendi," alisema.

Fundi aligeuka. "Nini?"

"Huendi kwa baba mdogo. Huendi bila mama."

"Umemsikia mwenyewe. Atakataa."

"Akatae."

"Atakataa miaka."

"Basi nitamngoja miaka." Alijipangusa machozi kwa mgongo wa mkono. "Nitakuwa hapa hapa chumbani, ananiona kila asubuhi. Akinichukia nitakuwepo. Akinizoea nitakuwepo. Nakupenda, na nimeshasema mbele yake, sina tena cha kuficha. Lakini sitaingia kwenye nyumba ambayo mama mwenye nyumba amenigeuzia uso. Nyumba ya namna hiyo nimeshaishi. Sirudi tena, hata kwa ajili yako."

Pua alizunguka meza akaenda akachuchumaa mbele ya gunia, mpaka akawa chini ya macho ya yule mama. Ilikuwa hivyo hivyo Mwenyekiti alivyowahi kuchuchumaa mbele yake, ingawa hakuna aliyelitaja hilo.

"Mjukuu sina wa kukupa, mama," alimwambia. "Ningekuwa naye ningekupa wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikuombi ufurahi. Sikuombi usilie. Nakuomba tu usinitoe."

Mwenyekiti alikaa vile vile, uso umefunikwa nusu. Uani palikuwa kimya kabisa, hakuna kibao kilichosogea, na mtu angedhani wanawake wote wameondoka kama asingejua kwamba wamejipanga chini ya dirisha. Kisha yule mama alishusha pumzi ndefu iliyokuwa na kilio ndani yake, akajishika magoti, akainuka kwa shida. Nyuma ya gauni lake palikuwa peusi pote kwa mkaa. Hakukubali kushikwa mkono na mwanawe. Alikwenda mpaka mlangoni, akashika kitasa, akabaki amewapa mgongo.

"Huyo baba yako mdogo," alisema, na alilazimika kusafisha koo ndipo aendelee, "bado ana ule mdomo wake wa kuropokea watu?"

Pua alikuwa bado amechuchumaa. "Bado anao, mama."

"Basi mwambie ajiandae," alisema Mwenyekiti. "Na mimi nitakwenda na mdomo wangu."